Hofu Iliyokuja kwa Posta

Desemba 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alifariki hapa Kampala. Mwaka huohuo alikuwa amesimama mbele ya watu na kusema wazi kwamba ana UKIMWI, Mganda wa kwanza mwenye jina kubwa kufanya hivyo. Alikuwa ameishi Sweden miaka kadhaa, mbali na kwao, na sisi tulioko mbali na kwetu tunaweza kumwelewa kidogo. Kabla yake watu walisema "slim", wakazika, wakanyamaza.

Mwezi huohuo, kwenye masanduku ya posta ya Ulaya na nchi nyingine, zilifika disketi kama elfu 20 zilizotumwa kutoka London. Juu yake iliandikwa kwamba ndani kuna habari za UKIMWI. Walioandikiwa wengine walikuwa wasomaji wa gazeti la kompyuta, wengine walikuwa wamehudhuria mkutano wa kimataifa wa UKIMWI uliofanyika Stockholm mwaka 1988. Nani angetupa disketi kama hiyo, wakati ule? Ukiiweka inakuuliza maswali juu ya maisha yako, halafu inakuambia hatari yako ni kubwa kiasi gani. Ilifanya kazi kweli. Lakini chini kwa chini ilikuwa inahesabu. Ukishawasha kompyuta mara 90 hivi, majina ya mafaili yako yanavurugika, folda zinafichwa, na inatoka ankara: lipa dola 189 kwa sanduku la posta Panama. Na angalia ujanja wake, haikusema "fidia". Ilisema ada ya leseni.

Aliyeshitakiwa aliitwa Joseph Popp, Mmarekani, daktari wa biolojia kutoka Harvard, mtu aliyeijua Kenya kwa kazi zake. Alianza kutiliwa shaka uwanja wa ndege wa Amsterdam, akiwa anarudi kutoka Nairobi, kwa sababu ya vituko alivyofanya pale. Walimkamata Ohio mwaka 1990, wakampeleka Uingereza, na mwaka 1991 jaji akaona kwamba akili yake haiko sawa kusimama kizimbani. Kesi ikaishia hapo.

Kitu ninachotaka tukishike ni kimoja. Programu ya Popp haikugusa yaliyomo ndani ya mafaili. Iligusa majina tu. Mwingereza aitwaye Jim Bates aliichambua, akaandika dawa yake, akaigawa bure. Lakini inasimuliwa kwamba taasisi moja ya Italia ilishikwa na hofu, ikafuta kila kitu, kazi ya miaka kumi ikaenda. Yaani waliofuta ni wao wenyewe.

Waliokuja baadaye waligundua kwamba virusi yenyewe hata haihitajiki. Hofu inatosha. Kwenye miaka ya 2000 kampuni moja yenye mafundi wake Kyiv, Innovative Marketing, ilinunua nafasi za matangazo kwenye tovuti za watu wa heshima. Ukibonyeza, au hata usipobonyeza, kioo kinaanza "kupima" kompyuta yako mbele ya macho yako. Kumbe ni picha tu inayotembea. Inakuambia una virusi mamia, una picha chafu, nunua dawa yetu, dola 39.95 au zaidi. Dawa zenyewe ziliitwa WinFixer, DriveCleaner na majina mengine ya namna hiyo. Serikali ya Marekani iliwashitaki Desemba 2008, ikasema wameliwa watu zaidi ya milioni moja. Mwaka 2012 mahakama iliamuru mmoja wao alipe dola milioni 163.

Wengine walibadilisha njia: wanaweka namba ya simu kwenye kioo. Unapiga, sauti nzuri inakuambia ni fundi wa Microsoft, anakuelekeza uweke AnyDesk au TeamViewer, na sasa mkono wake uko ndani ya nyumba yako. AnyDesk na TeamViewer ni programu halali, mafundi wazuri wanazitumia kila siku. Ndiyo maana mara nyingi antivirusi haipigi kelele.

Hapa Kampala hofu ilikuta shamba limeshalimwa. Kila aliyepita kwenye kafe za intaneti anakumbuka virusi ya flashi: unachomeka, folda zote zimegeuka njia za mkato, barua za kesi hazionekani. Mambo ni yaleyale ya Popp, kuficha bila kuharibu, na fundi anayejua anazirudisha kwa amri moja, attrib. Fundi asiyejua, au anayejua sana, anakuambia ni lazima kufuta yote. Halafu ikaja Julai 2018, kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa WhatsApp na Facebook. Watu wakakimbilia VPN za bure. Januari 2021 Facebook ikafungwa, VPN zikaongezeka tena. Na cha bure hulipwa na matangazo, na kati ya matangazo ndipo zinapojificha zile kelele za "simu yako ina virusi 13".

Kwetu wakimbizi kuna jambo lingine, na mimi naliona kubwa kuliko pesa. Mama mmoja jirani yangu Nsambya aliniita usiku: "Mwanangu, kompyuta imesema nimefanya kosa, wamenifungia." Hakuwa mjinga, Mama Mkubwa yule ni mwalimu. Lakini mtu aliyezoea kusimama kwenye foleni na karatasi yenye muhuri, anayejua kwamba mstari mmoja unaweza kubadilisha maisha yake, akiona maandishi mekundu yenye nembo anatii kwanza, anauliza baadaye. Na neno lenyewe, virusi, kwa watu wa umri wake ni neno la matanga.

Ndani ya laptopu yake kulikuwa na nini? Picha za vitambulisho vya watoto, barua za ofisi, fomu. Tapeli aliye mbali hana kadi yetu ya benki ya kuchukua, lakini akiingia kwenye imeili anaweza kuuza faili la familia nzima kwa wale wanaouza "safari ya Kanada". Huduma za UNHCR ni bure, wao wenyewe wanasema hivyo kila siku.

Nilichomfanyia kilichukua dakika mbili. Ule ukurasa umejaza kioo kizima ili uonekane kama kompyuta yenyewe inasema. Bonyeza Esc kwa muda, halafu Alt na F4. Ikikataa, Ctrl, Shift na Esc pamoja, chagua kivinjari, kizime. Ikikataa tena, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka ife. Ukiwasha na kivinjari kikiuliza kama kirudishe kurasa za jana, kataa. Microsoft haiweki namba ya simu kwenye maonyo yake, kwa hiyo namba peke yake inatosha kukuonyesha mwongo. Windows 10 na 11 zina antivirusi yake ndani, bure, iache ipime. Kwenye simu, ingia mipangilio ya kivinjari, futa ruhusa za arifa kwa tovuti usizozijua, toa na ile VPN.

Kama mtu ameshaingia, kata intaneti kwanza. Ondoa programu aliyokuwekesha, halafu chukua simu nyingine, siyo kompyuta ile, ubadilishe nywila ya imeili kabla ya zote, kisha piga kwa mtandao wako wa simu wafunge mobile money. Ugomvi wa nani alibonyeza ungoje kesho.

Yule mama aliniuliza kama afute kila kitu ili awe salama. Nikamwambia asifute hata faili moja.