Motss: Herufi Tano na Mwanzo wa Jumuiya Moja Mtandaoni

Wengi wetu tulio mbali na nyumbani tunaujua mtandao kama mahali pa kutafutana. Wapo waliotangulia kuuhitaji kwa haja nzito zaidi. Nawazungumzia wapenzi wa jinsia moja wa Marekani, ambao habari yao hurukwa mara nyingi historia ya mtandao inaposimuliwa.

Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Duke, wanafunzi wawili, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni Usenet. Kompyuta moja iliipigia nyingine simu, aghalabu usiku gharama zikiwa nafuu, ikapokea ujumbe mpya na kuupitisha kwa ya tatu, kama barua wanazopokezana madereva wa mabasi ya mikoani. Mada ziligawanywa katika makundi. Hakukuwa na makao makuu wala mwenye mali. Lakini kila kituo kilikuwa na msimamizi, na kundi asilolipenda aliweza kulizuia lisipite kwake. Vituo vyenyewe vilikuwa mali ya vyuo na makampuni.

Kwa hiyo Steve Dyer alipoanzisha kundi la wapenzi wa jinsia moja mwaka 1983, jina lilikuwa suala la kiufundi hasa. Jina la wazi lingewashtua wakubwa, na mnyororo ungekatika. Likachaguliwa net.motss, kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "watu wa jinsia ile ile". Mkuu wa idara akipitisha macho kwenye orodha, hakuona cha kumshtua. Binafsi nauona huo kuwa ustadi kuliko programu nyingi zinazosifiwa. Makundi yalipopewa majina mapya mwaka 1986 na 1987, likawa soc.motss, herufi tano zikabaki pale pale.

Jina lilisitiri kundi, halikumsitiri mwandishi. Anwani ya ujumbe ilionyesha kompyuta ulikotoka, yaani chuo au mwajiri. Nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni, anwani yangu nayo ilitaja chuo changu, na kwangu ilikuwa fahari. Kwa hawa, mstari mmoja tu ulitosha kujitaja mbele ya wafanyakazi wenzao. Mwaka 1983 ni jimbo moja tu la Marekani, Wisconsin, lililokuwa na sheria ya kumkataza mwajiri binafsi kumfukuza mtu kwa sababu hiyo. Hata hivyo waliandika.

Kisha ukimwi ukaja. Taarifa ya kwanza ya kitabibu ilitoka Juni 1981, na kwa miaka mingi habari ya dawa ilikuwa adimu kama dawa yenyewe. Mwaka 1985 Ben Gardiner alifungua San Francisco kituo cha kompyuta ambacho mtu alikipigia simu kwa modemu akasoma habari za ugonjwa huo. Huko Philadelphia, Kiyoshi Kuromiya, aliyezaliwa mwaka 1943 ndani ya kambi ambamo Marekani iliwafungia raia wake wenye asili ya Japani, aliendesha Critical Path, akieleza tiba na kinga kwa lugha isiyopindapinda, naye mwenyewe akiwa mgonjwa. Sheria ya mwaka 1996 ilipotishia kifungo kwa anayeweka mtandaoni "yasiyo ya adabu" ambayo watoto wangeweza kuyaona, alikuwa mmoja wa walioishtaki serikali. Juni 1997 Mahakama Kuu ikakitengua kifungu hicho. Kuromiya alifariki mwaka 2000.

Wakati huo mamilioni walikuwa wameshahamia kwenye huduma za kulipia kama AOL, ambako mtu alijiita jina lolote. Stara hiyo nayo ilikuwa na tundu. Mwanajeshi mmoja wa jeshi la majini alikuwa ameandika kwenye maelezo yake, bila kutaja jina lake kamili, kwamba ni mpenzi wa jinsia moja. Mpelelezi wa jeshi akapiga simu kwenye kampuni, na mfanyakazi akamtajia jina. Januari 1998 jaji mjini Washington alizuia mwanajeshi huyo asifukuzwe. Mwaka huo huo alistaafu, pensheni yake ikiwa salama, na kampuni nayo ikamlipa ili kesi iishe.