Mwanao akifikishwa kortini, asikimbilie kusema "ni kweli"

Kila kijana akishikwa mitaani kwetu, jamaa hunijia na swali moja: tumwambie akubali tu, yaishe? Mimi si wakili, lakini nimekaa sana kwenye mabenchi ya korti nikifuatilia kesi, na huo ushauri wa "kubali yaishe" nauogopa kuliko pingu.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 chasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha wikendi, basi ni siku ya korti inayofuata. Siku hiyo ya kwanza kwa kawaida hakuna mashahidi. Shtaka husomwa, naye huulizwa: ni kweli au si kweli? Akikana, mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa upande wa mashtaka. Akikubali, hakuna shahidi atakayeitwa, na sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 348, humwachia rufaa ya kupinga adhabu peke yake, ukubwa wake au uhalali wake.

Hata hivyo, hakimu hatakiwi kutosheka na neno "ni kweli". Tangu kesi ya Adan ya 1973 katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, utaratibu ni huu: shtaka lielezwe kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa, kisha kiongozi wa mashtaka asome maelezo ya tukio, na mshtakiwa aulizwe kama anayakubali. Akijibu "nilikuwepo lakini sikuiba", hakimu anafaa kuandika kuwa amekana. Na Mgiriama asiyeelewa Kiswahili cha korti ana haki ya mkalimani bila malipo. Aombe, asione haya.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: kesi ya jinai si ya mlalamishi, ni ya Jamhuri, na msimamizi wake ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wazee wakipatanisha familia mbili ni heri, na Katiba yenyewe inauhimiza upatanisho, lakini kesi haifi msikitini wala barazani. Lazima iondolewe kortini. Tena uliza imeondolewa vipi, maana ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) kabla kijana hajatakiwa kujitetea, anaweza kushtakiwa upya kwa kosa lilelile. (Wako wanaotaka kuipeleka kwa kadhi. Kadhi wetu hushughulikia ndoa, talaka, mirathi na mambo ya hadhi ya mtu baina ya Waislamu. Wizi na kupigana si kazi yake.)

Dhamana ya pesa taslimu si faini. Mshtakiwa akihudhuria korti mpaka mwisho, hurudishwa hata akipatikana na hatia. Wewe uliyelipa, hakikisha risiti ina jina lako, na uiweke pamoja na nambari ya kesi, kwani siku ya kudai karani ataanza kwa kukuuliza hiyo.