Mpaka wa Jirani

Mwaka 1979 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi wilayani Mbulu. Jina la shule silitaji, kwa sababu kosa ninalotaka kulieleza lilikuwa langu mwenyewe. Ilikuwa miaka ya Elimu ya Kujitegemea, na kila shule ilitakiwa kuwa na shamba. Shamba letu lilipakana na la bibi mmoja mjane, asiye na mtoto wa kumtetea. Mpaka ulikuwa safu ya mawe. Wakati wa kulima niliwaamuru wanafunzi wavuke mawe yale, hatua tatu tu, kisha tukayapanga upya. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikasoma Amri Kumi kwa sauti kubwa.

Baada ya siku chache bibi yule alikuja ofisini. Alisalimia vizuri, akakaa, akasema, "Mwalimu, nimekuja kuuliza kama ni mvua iliyosogeza mawe." Nikamjibu, "Bibi, nitaliangalia jambo hilo." Sikuliangalia.

Ndugu msomaji, sisi Wakristo wa Mbulu na Hanang tumezoea kuipima heshima ya sheria ya Mungu kwa mambo yanayoonekana: kutokwenda shambani Jumapili, kuacha pombe, kufunga ndoa kanisani. Hayo si mabaya. Lakini Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, inakataza kuondoa alama ya mpaka iliyowekwa na waliotangulia. Sura ya 27 inamhesabu mwenye kufanya hivyo miongoni mwa waliolaaniwa, jirani kabisa na yule anayempoteza kipofu njia na yule anayepotosha haki ya mgeni, yatima na mjane. Katika miaka yangu yote kanisani sijasikia mahubiri juu ya sura hizo.

Wazee wetu wasingeshangaa kuzisikia. Kabla Wamisionari Wakatoliki hawajafungua misheni ya Tlawi mwaka 1907, Wairaqw waliishi katika maeneo waliyoyaita aya, na mipaka ya aya ilikuwa na heshima ya ibada. Kuvuka mpaka kwa hila hakukuwa ugomvi wa watu wawili tu. Lilikuwa jambo la kuleta laana juu ya nchi. Tulipobatizwa tuliiacha hofu ile, nadhani, kabla hatujaiweka mahali pake hofu ya Mungu.

Nimekuwa nikiyafikiria hayo kila nikumbukapo yaliyotokea Hanang. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 Serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wa Basotu, chini ya Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO. Mashamba yalifika saba, takriban ekari 100,000. Nchi ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig. Kwa mtu wa mjini ilionekana tupu. Kwa mfugaji ilikuwa na njia za ng'ombe, visima vya chumvi, na bung'eda, yaani makaburi ya wazee wenye heshima, yaliyojengwa kwa udongo kwa miezi mingi. Matrekta yalilima juu ya baadhi ya makaburi hayo.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu hiyo. Ilisema kwamba kijiji hakimiliki ardhi kwa sababu tu imo ndani ya eneo lake la utawala, na kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Ilipasa kungoja hadi Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndipo haki ya kimila itamkwe kuwa na hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa hati.

Sisemi taifa halikuhitaji ngano. Tulihitaji, na mimi niliula mkate. Nasema kwamba sisi tuliojua Torati tulikuwa karibu, na tulinyamaza. Tulijiambia kuwa ni mambo ya Serikali, au kwamba Wabarbaig si watu wa kanisa letu. Lakini nawezaje kuwalaumu wengine kwa ekari 100,000, wakati mimi nilinyamaza juu ya hatua tatu? Sababu niliyojipa ilikuwa ileile: shamba ni la umma, naye ni mtu mmoja tu.

Nilihamishwa kabla sijarekebisha lolote. Nilipostaafu nilirudi. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, na juu ya kile kipande cha ardhi palikuwa na darasa. Nilimtafuta mpwa wake, nikamweleza yote, nikampa mtamba mmoja. Alinisikiliza bila hasira, akanikaribisha maziwa. Kisha akasema, "Shangazi alijua kuwa haikuwa mvua."

Siku hizi watu wakiniuliza namna ya kuiheshimu sheria ya Mungu katika maisha ya kila siku, siwatajii kwanza Jumapili. Nawaambia waende mpakani mwa shamba lao, wakati jirani hayupo, wakayatazame mawe.