Mvuta Sigara Si Mtegemezi

Mlangoni pa duka moja la dawa hapa Mwanga, Kigoma, pamebandikwa kipeperushi kinachowaasa watu waache sigara. Nia yake ni njema, na picha yake ya mapafu inatisha inavyopasa. Kasoro iko kwenye kichwa cha habari: "Utegemezi wa Nikotini". Mvuvi mmoja wa Kibirizi, aliyekisoma huku akisubiri chenji yake, aliniuliza: "Mwalimu, huyu nikotini ni nani, na anategemewa na akina nani?" Sikumcheka. Swali lake lilikuwa na akili kuliko kipeperushi.

Ubaya wa sigara sitaueleza. Kila anayevuta anaujua, na mara nyingi anaujua kuliko anayemhubiria. Kilichonifanya nishike kalamu ni istilahi. Tumepewa neno linalosema kinyume cha jambo lenyewe, na limekwisha kupigwa mihuri na kamati ambazo, kwa heshima zote, hazionekani kuwa zimewahi kumsikiliza mvuta sigara akieleza kwa nini hawezi kuacha.

Tuanze na kitenzi. Kutegemea ni kuegemea kitu kwa matumaini kwamba kitakushika. Mtoto humtegemea mzazi, mzee humtegemea mwanawe, mkulima hutegemea mvua. Katika kila mfano, anayetegemea anapata kitu: chakula, matunzo, mavuno. Kwa sababu hiyo fomu za bima ya afya zina sehemu ya wategemezi, na hakuna anayeona haya kuandikwa humo. Utegemezi si ugonjwa. Ni uhusiano, na mara nyingi ni uhusiano wa heri.

Sasa tazama nikotini. Moshi ukishaingia mapafuni, nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko hukuta vipokezi vilivyowekwa kwa ajili ya asetilikolini, kemikali ya mwili wenyewe, ikavikalia. Dopamini ikamwagika, na mvutaji akaona raha. Vipokezi vinavyochokozwa hivyo kila siku huongezeka idadi. Baada ya takribani saa mbili nusu ya nikotini iliyokuwa damuni imekwisha kuondoka, na vile vipokezi vinaanza kudai. Mtu anakuwa mkali kwa mkewe, akili haitulii, mikono haina kazi ya kufanya. Akiwasha nyingine anatulia, naye anasema sigara imemtuliza. Kumbe imetuliza fujo iliyoianzisha yenyewe. Huyu ni mtegemezi wa namna gani, ambaye tegemeo lake ndilo linalomwangusha?

Watetezi wa "utegemezi" watasema kwamba neno lao ni la kimataifa. Ni kweli, na humo ndimo lilimo kosa. Mwaka 1957 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilizigawa dawa mafungu mawili: zile zinazomteka mtu kabisa, na zile anazozizoea tu. Mwaka 1964 ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani, Luther Terry, ilitamka kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu, lakini kwa kufuata mgawo ule ikaiweka tumbaku kwenye fungu la mazoea. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliona mgawo wenyewe umeleta mkanganyiko, likachagua neno moja la kufunika mafungu yote mawili, neno ambalo kwa Kiingereza lina maana ya kuegemea. Lilikuwa neno la suluhu. Kamati zetu zikaja miaka mingi baadaye, zikalifungulia kamusi, zikachukua maana ya kwanza iliyoandikwa pale, zikaenda kunywa chai.

Neno la pili, "mazoea", ndilo walipendalo wavutaji wenyewe. Wenye viwanda nao walilipenda. Iliwachukua Wamarekani hadi 1988, kwa ripoti ya Mganga Mkuu mwingine, C. Everett Koop, kutamka rasmi kwamba nikotini humteka mtu kama heroini na kokeini zinavyomteka. Hata hivyo, mwezi Aprili 1994 wakuu saba wa makampuni ya sigara walikula kiapo mbele ya wabunge wa Marekani na kusema, mmoja baada ya mwingine, kwamba wao hawaamini hivyo. Anayesema istilahi ni mchezo wa walimu waliostaafu na atafakari miaka ile 24 iliyopita kati ya ripoti ya kwanza na ya pili, ambamo mtu aliyeshindwa kuacha sigara aliambiwa kwamba hana nia tu.

Neno la tatu ni "ulevi". Hili lina asili nzuri lakini linakwenda kombo. Ugoro mkali humlevya mgeni, na sigara ya kwanza humtia kijana kizunguzungu hadi akatafuta ukuta wa kushika. Lakini yule anayevuta pakiti kwa siku halewi tena. Anaendesha lori hadi Kasulu, anafundisha hesabu, anaswalisha watoto. Kulewa kulikwisha zamani. Kilichobaki ni kushikwa. Nadhani msamiati wetu wa "dawa za kulevya" umetudhuru hapa, kwa sababu umetufundisha kwamba kisicholevya hakina hatari ya kumfunga mtu. Tumbaku imejificha nyuma ya neno hilo miaka yote.

Linabaki neno letu wenyewe: uraibu. Nashangaa jinsi linavyokwepwa na watu wanaojiita wapenzi wa Kiswahili. Kamusi kongwe zinaeleza kwamba uraibu ulikuwa kwanza kitu cha kutafuna: jani la tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, vikafungwa pamoja vikawekwa shavuni. Msomaji aone. Tumbaku imo ndani ya neno tangu lilipozaliwa! Wazee wa pwani walikuwa na kitu, wakakiita uraibu; kisha wakaona kwamba anayekitafuna hawezi kukiacha, wakaita uraibu ile hali pia. Maana ilihama kutoka mdomoni kwenda rohoni bila kikao wala posho. Kuhusu asili yake ya mbali zaidi, nawaachia wanaopenda kuparurana kwa mizizi ya Kiarabu.

Hata ile chokaa haikuwa pambo. Leo tunajua kwamba nikotini hupenya ngozi laini ya mdomo na ya pua kwa wepesi zaidi palipo na alkali. Kwa hiyo mtafunaji wa tambuu aliyedai chokaa zaidi, na bibi wa bara anayechanganya ugoro na magadi, walijua kazi yao kabla ya maabara. Nikotini yenyewe ilitengwa kutoka katika jani la tumbaku mwaka 1828 na Wajerumani wawili, Posselt na Reimann, huko Heidelberg. Jina lake linatokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa nchini Ureno aliyepeleka tumbaku kwao karibu mwaka 1560. Mabibi wetu hawakuhitaji balozi.

Pwani si peke yake. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, Burton aliandika kwamba watu wa ziwa letu hili, Tanganyika, kwa nadra walivuta tumbaku. Walibeba kichungu au kibuyu kidogo chenye majani makavu, wakatia maji, wakakamua, wakavuta yale maji puani kutoka kiganjani, kisha wakaibana pua kwa vidole au kwa kibanio ili yasitoke. Hapakuwa na moshi wala moto, na hapakuwa na kampuni ya kuwatangazia. Bado walilazimika kurudia, na kukaa wakizungumza na pua zimebanwa. Hiyo ndiyo hoja yangu ya msingi: kinachoshika kwanza si moshi, wala si ujana, wala si utovu wa adabu. Ni ile dawa iliyomo katika jani, ipitie puani, shavuni au mapafuni.

Wapinzani wangu wenye kusoma watamleta Karl Fagerström, mtaalamu wa Sweden ambaye dodoso lake humpima mvutaji kwa kumuuliza, kabla ya yote, anawasha sigara ya kwanza dakika ngapi baada ya kuamka. Mwaka 2012 Fagerström mwenyewe alibadilisha jina la kipimo chake, akaondoa nikotini akaweka sigara, kwa kuwa aliona mtu hatekwi na kemikali peke yake. Anatekwa pia na kiberiti, na kahawa ya asubuhi, na wenzake wa mtumbwini wakati karabai zimewashwa na dagaa bado hawajapanda. Nakubali kabisa. Na ni neno gani linalobeba yote hayo kwa pamoja kama uraibu, ambao tangu mwanzo ulikuwa jani, chokaa, kijaluba na mazungumzo? Utegemezi hauwezi kubeba hata kijaluba.

Kisarufi pia halina mpinzani. Mraibu, waraibu, uraibu: linakaa pamoja na mlevi, walevi, ulevi bila kusukumana. Zaidi ya hapo, tayari linafanya kazi. Tangu kliniki ya methadoni ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, waliokuwa wakiitwa mateja wameitwa waraibu katika taarifa za serikali na katika magazeti, na heshima yao imepanda kidogo. Swali langu ni hili: kwa nini mtumiaji wa heroini awe mraibu, na mkuu wa idara anayetoka nje ya kikao kila nusu saa awe mtu mwenye "utegemezi"? Nashuku kwamba walioketi kutunga istilahi walikuwa na pakiti za sigara mifukoni.

Hapa nifike kwenye jambo ambalo, nakiri, lina uchungu wake. Tunahitaji kivumishi cha kueleza kitu chenye kuleta uraibu. Kutoka raibu tunapata kuraibisha, na kutoka kuraibisha tunapata raibishi, kama vile kushirikisha kulivyozaa shirikishi na kujumuisha kukazaa jumuishi. Nikotini ni raibishi. Sentensi imekwisha, imeeleweka, na haikuvunja sheria yoyote ya lugha. Nililipeleka pendekezo hili kwenye kikao kimoja cha istilahi. Mjumbe mmoja alicheka na kusema linakera masikio, kisha akapendekeza "chenye kusababisha hali ya utegemezi", maneno matano, na kikao kikapiga makofi. Hao hao ndio waliotupa "dalili za kujiondoa" kwa yale mateso ya siku za mwanzo za kuacha, kana kwamba mgonjwa ni mgombea aliyeghairi uchaguzi. Vijana wa Dar es Salaam wana neno arosto, fupi na kali, na kila anayelisikia anajua ni maumivu ya mtu aliyekosa kitu chake. Arosto liingie kamusini kesho.

Na ile tamaa inayorudi ghafla? Jirani zetu Warundi husema kunywa itabi, Waarabu nao wanasema wanakunywa sigara. Basi iitwe kiu. Hakuna haja ya semina.

Kwa matumizi, basi: hali yenyewe ni uraibu wa nikotini, mwenye nayo ni mraibu, kinachouleta ni raibishi, mateso ya kuacha ni arosto, tamaa ni kiu. Arosto huwa kali zaidi katika wiki ya kwanza na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki chache. Dawa zake zipo: bigijii na vibandiko vya nikotini vimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu tangu 2009.

Tanzania ina sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tangu 2003, na mwaka 2007 iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku. Sheria haiwezi kumsaidia mtu ambaye ugonjwa wake umepewa jina la mazoea, maana mazoea hutibiwa kwa makaripio, na utegemezi hutibiwa kwa huruma. Uraibu hutibiwa kwa dawa, ushauri na muda. Nawaomba waganga wa zahanati za Kigoma na Ujiji waandike uraibu kwenye kadi za wagonjwa wao kuanzia leo, bila kusubiri kamati. Kamati zitafuata, huwa zinafuata.