Jamaa Aliyerukaruka kwa Sababu ya Majivu

Ukiwahi kula mrenda magharibi mwa Kenya, huenda umekula majivu. Mabua ya maharagwe yanachomwa, majivu yanachujwa kwa maji, na maji hayo, musherekha, yanalainisha mboga. Yachemshe mpaka yakauke, na kinachobaki chunguni kwa sehemu kubwa ni kile kinachoitwa potashi. Neno lenyewe limetoka Kiholanzi: majivu ya chungu.

Kwa karne nyingi watu walitengeneza sabuni na glasi kwa potashi na magadi bila kujua ndani mna nini. Mfaransa Lavoisier alipochapisha orodha yake ya elementi 1789, aliviacha vyote viwili nje; alishuku vimeundwa kwa vitu vingine. Chokaa aliiweka ndani, na hapo aliteleza. 1794 wakamkata kichwa kwa sababu alikuwa mkusanya kodi, kwa hivyo stori ikamalizwa na mwingine.

Huyo mwingine ni Humphry Davy, na nampenda kwa sababu hakuwahi kusomea chuo kikuu. Babake alikuwa mchonga mbao wa Penzance. Mzee alipofariki, kijana akapelekwa kwa tabibu mmoja wa mtaa ajifunze kazi. Sayansi alijisomea tu. Mimi niliyetoka chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, hiyo sehemu huisoma polepole.

Mwaka 1800 Volta alitangaza betri yake, na punde watu wakagundua umeme unaweza kutenganisha maji. Davy, sasa akiwa Royal Institution kule London, akasema hebu tujaribu potashi. Alipoiweka kwenye maji, akapata hidrojeni na oksijeni: umeme ulikuwa unavunja maji, potashi haijaguswa. Akaijaribu ikiwa kavu, umeme ukakataa kupita kabisa. Ndani ya chumvi ngumu, ayoni, yaani atomu zenye chaji, zimebanana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni. Hakuna anayesonga. Iyeyushe, na zinaachiliana. Zenye chaji chanya zinakimbilia ncha hasi, zenye chaji hasi zinaenda upande ule mwingine. Davy hakuwa na lugha hii. Neno ayoni lilikuja 1834 kupitia Michael Faraday, aliyewahi kuwa msaidizi wake na kabla ya hapo fundi wa kujalidi vitabu. Chuo? Naye wapi!

Oktoba 1807 Davy aliacha kipande cha potashi hewani kipate unyevu kidogo, akakiweka kwenye kisahani cha platinamu, akaunganisha betri. Kikaanza kuyeyuka pale umeme ulipogusa. Upande hasi vikatokea vitone vinavyong'aa kama zebaki, vingine vikalipuka na kuwaka papo hapo. Potasiamu! Binamu yake Edmund, aliyekuwa akimsaidia, alikuja kusimulia jinsi Davy alivyorukaruka chumbani kwa furaha. Siku chache baadaye kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, ikampa sodiamu. 1808 akaivunja hata chokaa ya Lavoisier.

Alumina ndiyo ilimshinda. Hiyo ilingoja 1886, wakati Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, vijana wa rika moja wasiojuana, kila mmoja kivyake alipoiyeyusha ndani ya chumvi iitwayo kraioliti na kupitisha umeme. Kabla ya hapo alumini ilikuwa metali ya kujionyesha nayo. Sasa ni sufuria zinazogongwa Gikomba kutwa nzima.