Utepe wa Möbius: Jinsi ya kutembeza maandishi yasipinduke

KUTEMBEZA maandishi juu ya utepe uliopindwa, kwa kutumia kompyuta, ni kazi inayowashinda wengi mahali pamoja: kwenye kiungo.

Utepe huo ulielezwa mwaka 1858 na Wajerumani wawili, August Möbius na Johann Listing, kila mmoja kivyake. Mwanafunzi wa Tumbi, Kibaha, aweza kuuona kwa kukata ukanda wa karatasi, kugeuza ncha moja juu chini, kisha kuzigundisha. Atapata umbo lenye upande mmoja tu.

Katika programu ya Blender, inayotolewa bure, umbo hutengenezwa kwanza, kisha picha ya maandishi, mathalani jina la kanga, huvishwa juu yake.

Hapo ndipo kosa huzuka. Baada ya mzunguko mmoja ukingo wa juu hukutana na wa chini, na herufi hupinduka. Dawa ni kuupa utepe unene kidogo na kuyatandaza maandishi kwa mizunguko miwili, hadi yarudi yalipoanzia.

Mwendo hupatikana kwa kuisogeza picha hiyo. Filamu ya sekunde 10, yenye picha 25 kwa sekunde, huhitaji picha 250. Kila hatua iwe sehemu moja ya 250 ya safari nzima, ili mwisho uungane na mwanzo bila kuruka.