Chanjo ya Sotoka: Kutoka Mwili wa Mbuzi hadi Chupa ya Seli

Kulamawe iko kando ya barabara ya Isiolo kwenda Garba Tula, katika nchi kavu ya Waborana nchini Kenya, ambako mali ya mtu ni ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe unaosababishwa na kirusi, ilipita Afrika Mashariki ikafyeka ng'ombe kwa maelfu na kuacha njaa nyuma yake. Mwaka 2001, kusini mwa Kulamawe, nyati wa Mbuga ya Meru walipatikana na ugonjwa huo. Hao ndio wagonjwa wa mwisho wa sotoka wanaojulikana duniani.

Ushindi huo ulitokana kwa sehemu kubwa na maabara zilizojifunza kuacha kutumia mwili wa mnyama kama kiwanda cha chanjo.

Kwa miaka mingi, maabara ya mifugo ya Kabete, nchini Kenya, ilikuza kirusi kilichodhoofishwa ndani ya mbuzi hai. Mbuzi aliambukizwa, kisha akachinjwa na wengu wake kusagwa kuwa chanjo. Kinga ilipatikana, lakini kwa gharama: vimelea vingine vya mbuzi viliweza kupenya, na ng'ombe wa koo zisizo na ustahimilivu waliugua vibaya, wengine wakafa.

Huko Muguga, katika Shirika la Utafiti wa Mifugo la Afrika Mashariki, wanasayansi Walter Plowright na R. D. Ferris walishika njia nyingine. Walikuza kirusi kikali cha Kabete katika seli za figo za ndama zilizooteshwa kwenye chupa, wakakihamisha kutoka chupa hadi chupa takriban mara 90, hadi kikapoteza ukali wake lakini kikabaki na nguvu ya kuamsha kinga. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1962. Ndama bado alitoa figo, na ng'ombe bado walitumika kuipima chanjo, ila mbuzi wa kusagwa hawakuhitajika tena.

Miaka mitatu kabla ya hapo, huko Uingereza, William Russell na Rex Burch walikuwa wamechapisha kitabu kilichowataka wanasayansi watumie njia nyingine badala ya wanyama inapowezekana, wapunguze idadi ya wanyama wanaotumika na wapunguze mateso yao. Muguga ilionyesha kwamba njia hiyo ya huruma inaweza pia kuwa sayansi bora.

Hatua iliyofuata ilihusu joto. Chanjo ya Plowright ilihitaji barafu, na barafu haifiki malishoni. Mtafiti Jeffrey Mariner alitengeneza chanjo inayostahimili joto, iliyokuzwa katika seli za Vero, ambazo huzaliana maabara bila kuchinja ndama. Wafugaji wa Karamoja, Afar na Sudan Kusini walifundishwa kuchanja wenyewe mifugo ya jamii zao. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru na sotoka.

Leo ujuzi wa kukuza seli unafundishwa katika kituo cha PANVAC, Bishoftu, Ethiopia, ambacho pia hukagua ubora wa chanjo za mifugo za Afrika. Ujuzi huo unahitajika sana, kwa kuwa sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa mwingine unaofanana na sotoka ya ng'ombe, ulioingia Turkana mwaka 2006, bado inaua. Chanjo yake nayo hukuzwa katika seli za Vero, na nchini Kenya hutengenezwa na taasisi ya KEVEVAPI. Dunia imejiwekea lengo la kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030, na mafundi wa kuikuza na kuipima chanjo hiyo wanapaswa kuandaliwa sasa, wakiwemo vijana wa Isiolo.